Nasaba ya Makangaga Madogo

Usiku huu nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya mimea ambayo wengi wetu tumeikanyaga tangu utotoni bila ya kuiuliza jina, nayo ni makangaga. Wala sikusudii yale makubwa yasimamayo mikokoni hata yakamfunika mtu mzima, ambayo kila mvuvi na kila mkata boriti anayajua, bali yale madogo yanayojibanza katika nyufa za mawe, kwenye kuta za visima vya kale na kandoni mwa vijito vya milimani, ambayo urefu wake aghalabu haupiti shubiri moja au mbili, na ambayo lugha yetu, kwa ukarimu au kwa uvivu, imeyaweka yote chini ya jina moja.

Nyuma ya nyumba ninayopanga pana kisima cha kale kilichojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambacho maji yake siku hizi hayanywewi, ila hutumika kwa kufulia na kumwagilia bustani; na ndani ya mdomo wake, pale unyevu usipokatika hata wakati wa kaskazi, yameota makangaga ya namna mbili ambayo kwa muda mrefu mimi mwenyewe niliyahesabu kuwa ni namna moja. Yote mawili yana uti katikati na vijani vilivyopangwa pande mbili, mithili ya kuti la mnazi lililopunguzwa mara ishirini, na yote mawili yamedumaa kwa sababu ya uchache wa riziki ipatikanayo jiweni. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama pale, kioo cha kukuzia mkononi, ndipo jirani yangu, bibi mtu mzima ambaye huufagia uwanja ule kila alfajiri, akasimama na ufagio wake akaniuliza nimepoteza nini.

"Shikamoo, bi mkubwa. Sikupoteza kitu," nikamjibu. "Nayatazama makangaga haya, sijui ni mamoja au ni mawili."

"Marahaba. Ni mawili, mwanangu," akasema, tena bila ya kufikiri. "Hili likikauka huangusha vijani vyake kimoja kimoja, kikabaki kijiti kitupu, na mimi ndiye nivifagiaye. Lile hukauka pamoja na vyake vyote, ukalichomoa mara moja ukalitupa."

Nakiri mbele yenu kwamba nilitahayari. Bibi yule hakupata kufungua kitabu chochote cha elimu ya mimea, lakini aliyoyasema ndiyo yaliyoandikwa humo. Kwa kuwa lile la kwanza, ambalo wataalamu huliita Nephrolepis, lina kiungo pale kijani kinaposhikana na uti, na kiungo hicho hukatika kwa ukavu kama kinavyokatika kikonyo cha jani la mkungu, ilhali lile la pili, Pteris vittata, halina kiungo hicho. Ufagio ulikuwa umemfundisha dalili ambayo macho yangu, yaliyozoea kutazama umbo tu, hayakuiona.

Nikayageuza majani. Chini ya jani la Pteris ukingo wa kila kijani umejikunja kama pindo la kanzu lililoshonwa kwa uangalifu, na ndani ya pindo hilo umejificha mstari mmoja wa kahawia unaokwenda toka mwanzo hata karibu na ncha. Na chini ya jani la Nephrolepis hakuna pindo wala mstari, bali vidoa vya mviringo vilivyopangwa safu karibu na ukingo, kila kidoa na kifuniko chake chembamba. Mistari na vidoa hivyo si ugonjwa wala si mayai ya wadudu, kama mtu mmoja mwenye bustani alivyopata kudhani hata akayang'oa makangaga yake yote kwa hofu. Ni mikusanyiko ya vifuko vidogo sana vinavyobeba spora, ambazo ndizo mbegu za makangaga, ikiwa neno mbegu laweza kukopeshwa kwa kitu kisichotoka katika ua wala katika tunda.

Jambo hilo la kukosa ua liliwahangaisha wanazuoni wa Ulaya kwa karne nyingi. Linnaeus, alipoipanga mimea yote katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliyatia makangaga pamoja na kuvumwani na uyoga katika tabaka aliloliita kwa Kiyunani ndoa ya siri, maana aliamini kwamba ndoa ipo, ila hakuna aliyeiona. Siri ilianza kufichuka mwaka 1848, alipoizungumzia Leszczyc-Suminski, na mwaka 1851 Mjerumani Hofmeister akaifafanua vizuri zaidi: spora ikiangukia mahali penye unyevu haioti kangaga, bali huota kijani chembamba chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nacho ndicho chenye viungo vya kiume na vya kike, mbegu ya kiume huogelea katika maji membamba yaliyotanda juu ya jiwe mpaka iufikie upande wa kike, na kutokana na kukutana huko ndipo linapoinuka kangaga tunalolijua. Basi harusi yenyewe hufanyika katika tone la mvua, hapana shahidi, na katika tone hilo hilo jirani wa ukoo mwingine aweza kuingia bila ya kualikwa. Hapo ndipo penye chimbuko la taabu yote ya wanaotaka kuyapambanua makangaga yaliyo karibu kwa nasaba.

Makangaga mawili ya kisimani kwangu yanafanana, na hali si ndugu. Mmoja na mwenziwe wametengana mbali katika mti wa ukoo. Sasa nataka niwapelekeni mbali, katika milima ya Appalachia mashariki ya Marekani, ambako jambo lilikuwa kinyume chake: makangaga matatu yasiyofanana hata kidogo yalithibitika kuwa ndugu wa karibu kiasi cha kuoana, na wazao wao ndio waliowatatiza wajuzi kwa takriban miaka mia.

Yote matatu ni ya jenasi ya Asplenium, jina lililotokana na neno la Kiyunani la wengu, kwa sababu matabibu wa kale waliamini kuwa mimea hii huponya maradhi ya wengu. Majina yao ya kitaalamu ni Asplenium platyneuron, Asplenium rhizophyllum na Asplenium montanum. Lakini kwa kuwa redio haina ubao wa kuandikia, niruhusuni niwape lakabu za Kiswahili. Wa kwanza nitamwita Mpingo, kwa kuwa bua lake na uti wake wote ni mweusi unaong'aa, weusi wenye wekundu kwa mbali, na hata huko kwao humlinganisha na mti huo. Vijani vyake vimepangwa sawasawa pande zote mbili. Wa pili ni Mtembezi: jani lake ni moja tu, halikukatwa wala halikuchanwa, pana shinani na lenye mkia mrefu mwembamba unaoinama mpaka ukagusa mwamba, na pale unapogusa huota mizizi na kangaga jipya, nalo likatoa mkia wake, hata baada ya miaka mmea ukaonekana kama unapiga hatua juu ya jiwe. Wa tatu ni Mlimani, mdogo kuliko wote, mwenye majani yaliyochanikachanika na bua la kijani lenye weusi kidogo tu chini kabisa. Hata makazi yao yanahitilafiana: Mtembezi hupenda mawe ya chokaa, Mlimani hukaa katika nyufa za mawe ya mchanga yenye uchachu, na Mpingo hachagui sana, huota hata katika udongo wa msituni. Kwa umbo lake, Mtembezi alihesabiwa na wengi kuwa hata jenasi yake ni nyingine, akaitwa Camptosorus.

Katika miaka ya 1860, karibu na mji wa Philadelphia, mtu aitwaye Scott aliona kangaga moja la ajabu ambalo lilikuwa na weusi wa Mpingo katika bua lake lakini ncha yake ilirefuka kama mkia wa Mtembezi, na vijani vyake vilikuwa havina mpango, kimoja kirefu, kingine kifupi, kana kwamba aliyelikata mkasi wake ulikuwa butu. Likaitwa Asplenium ebenoides. Wako walioshuku upesi kwamba ni mahuluti, yaani mtoto wa Mpingo na Mtembezi. Lakini shuku si ushahidi, na mambo yakabaki hivyo mpaka mwaka 1902, bibi mmoja, Margaret Slosson, alipoziotesha spora za wazazi wote wawili, akavikutanisha vile vijani vya umbo la moyo, na katika chungu chake likaota kangaga lile lile la Scott. Naipenda sana kazi hiyo kwa sababu ya unyenyekevu wake: hakubishana na mtu, aliotesha.

Pamoja na hilo, yalikuwako mengine mawili katika milima hiyo, Asplenium pinnatifidum na Asplenium bradleyi, ambayo wataalamu wengi waliyahesabu kuwa makangaga kamili yenye asili yake. Hapo ndipo anapoingia Warren Herbert Wagner, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye mwaka 1954 alitoa makala iliyo mashuhuri hata leo miongoni mwa watu wa fani hii. Alichora pembetatu. Katika pembe tatu akawaweka Mpingo, Mtembezi na Mlimani. Na katikati ya kila upande akaweka mtoto wa wale wawili walio ncha za upande huo: ebenoides kati ya Mpingo na Mtembezi, pinnatifidum kati ya Mtembezi na Mlimani, bradleyi kati ya Mlimani na Mpingo.

Msikilizaji ambaye hapendi hadubini aweza kuusoma ukweli wa pembetatu hiyo kwa macho matupu, akifuata jambo moja tu, nalo ni weusi wa bua. Kwa Mpingo weusi unatoka chini hata juu. Kwa bradleyi, weusi unapanda bua lote, ukaingia katika uti, kisha njiani ukafifia na kuwa kijani, kama wino uliokwisha katikati ya sentensi. Na kwa ebenoides ni hivyo hivyo, weusi unaanza kwa nguvu chini na kuishia kijani kabla ya ncha. Lakini kwa pinnatifidum, ambaye hana damu ya Mpingo, weusi unakaa chini ya bua tu, na uti wote ni wa kijani, ilhali ncha yake imerefuka kwa kumkumbuka Mtembezi. Basi anayeshika jani mkononi na kukipitisha kidole chake juu ya bua hilo anapitia orodha ya mababu.

Hata hivyo Wagner asingetosheka na weusi wa bua, kwa maana sura hushuhudia na pia husingizia. Miaka michache kabla yake, huko Uingereza, bibi Irene Manton wa Leeds alikuwa amechapisha mwaka 1950 kitabu kikubwa juu ya kromosomu za makangaga, akaonyesha kwamba kwa kuzihesabu nyuzi hizo zilizomo ndani ya seli mtu aweza kujua nani amezaliwa na nani. Hesabu yenyewe si mchezo. Sisi wanadamu tuna kromosomu 46. Na lipo kangaga moja dogo, Ophioglossum reticulatum, lenye jani moja tu kama ulimi, ambalo kromosomu zake zilipohesabiwa India zilifika 1260, na sijapata kusikia kiumbe kilicholizidi. Mtu huwezaje kukaa kitako akahesabu vitu 1260 vilivyolaliana katika seli isiyoonekana kwa macho, mimi sijui. Nadhani subira ya namna hiyo hutolewa kwa wachache.

Asplenium ni wapole zaidi. Mpingo, Mtembezi na Mlimani kila mmoja ana kromosomu 72, yaani jozi 36. Mahuluti wa wawili huchukua 36 upande huu na 36 upande ule, ikawa 72 pia. Lakini wakati wa kutengeneza spora, ambapo kila kromosomu hutafuta mwenziwe wa asili moja ili washikane, zinatazamana kama wageni waliokutana stesheni, hakuna anayemjua mwingine, mpango wote ukavurugika na spora zikaharibika. Mahuluti kama huyo ni tasa. Lakini yatokea kwa nadra kwamba idadi yote inajidufu, zikawa 144, na hapo kila kromosomu imepata pacha wake. Jozi zikakamilika, spora zikawa nzima, na yule aliyekuwa tasa akaanzisha ukoo. Pinnatifidum na bradleyi wana 144. Ndiyo sababu watu walidhani ni makangaga yenye asili yake, kwa kuwa huzaa na kusambaa bila ya kuwahitaji wazazi, tena mahali ambapo pengine mzazi mmoja hayuko kabisa.

Ebenoides naye? Karibu kila alipoonekana ni mmoja mmoja, ana 72, na ni tasa. Isipokuwa mahali pamoja: katika bonde moja huko Alabama, karibu na kitongoji kiitwacho Havana, alikomkuta katika karne ya 19 Julia Tutwiler, mwanamke aliyejulikana zaidi kwa kutetea elimu ya wasichana na hali za wafungwa, amestawi kundi zima, mwenye kromosomu 144 na spora nzima. Mwaka 2007 wataalamu wawili wakalipa kundi hilo jina lake, Asplenium tutwilerae, kwa heshima ya bibi huyo. Wako wanaonung'unika kwamba majina yanazidi, na kwamba kangaga la Alabama na lile la Philadelphia kwa sura ni mamoja, kwa nini kumchosha mwanafunzi? Mimi niko pamoja na waliotoa jina. Mwenye uwezo wa kurithisha na asiye na uwezo huo si hali moja, hata wakivaa kanzu za kitambaa kimoja.

Tena kuna njia ya kuwatofautisha isiyohitaji kuhesabu kromosomu. Katika makangaga ya namna hii kila kifuko aghalabu hubeba spora 64, nazo kwa kangaga zima huonekana chini ya hadubini zikiwa sawasawa, za kahawia, zenye umbo la haragwe; na kwa mahuluti tasa utaona makapi, vipande vyeusi visivyo na umbo, hiki kikubwa, kile kidogo, mithili ya mpunga ulioliwa na fukusi. Ushahidi wa aina nyingine ulifuata: mwaka 1963 dawa zilizomo ndani ya majani zilitenganishwa kwa kromatografia, ikaonekana kwamba watoto wanabeba mchanganyiko wa zile za wazazi wawili wawili kama pembetatu ilivyosema, na mwaka 1985 vimeng'enya vikasema vivyo hivyo.

Huyo Wagner, pamoja na mkewe Florence, aliyekuwa mtaalamu wa fani hiyo hiyo, aliitumia sehemu kubwa ya umri wake uliobaki kwa makangaga madogo zaidi, Botrychium, ambayo mengine hayafiki urefu wa kidole na huchomoza jani moja tu kwa mwaka. Hapo shida ni ya namna nyingine, kwa sababu kivuli, ukame na udongo huligeuza jani hata ndugu wawili wa tumbo moja wakaonekana wa makabila mbalimbali. Shauri lao, walilolitoa mwaka 1983, ni la kuvutia kwa urahisi wake: tafuta mahali ambapo namna kadhaa zimeota pamoja, bega kwa bega, katika udongo mmoja na kivuli kimoja, zikihitilafiana hapo, hapana wa kulaumu udongo. Niliposoma shauri hilo nilikumbuka kisima changu, ambacho jiwe lake ni moja na maji yake ni mamoja.

Wala mambo haya hayako Marekani peke yake. Asplenium wamejaa katika misitu ya Usambara, pale Amani ambako Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti mwaka 1902, na katika mabega ya Kilimanjaro. Na mmoja wao, Asplenium aethiopicum, ambaye ameenea katika milima ya Afrika, chini ya jina hilo moja amekusanya koo ambazo hesabu za kromosomu zao hazipatani, hata mtu aliyeleta jani kavu peke yake, lisilo na spora, hawezi kuambiwa kwa yakini ameleta nani. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1952, kilikamilika mwaka 2012. Miaka sitini, na hata baada ya muda huo mpandaji mlima mwenye kioo cha kukuzia bado ana kazi.

Mwenye kutaka kuanza hahitaji gharama. Chuma jani lililokomaa, lililoanza kuwa la kahawia upande wa chini, lilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, juu yake weka kitabu kizito, uliache mpaka asubuhi mahali pakavu pasipo na upepo. Vile vifuko vina mshipi unaokakamaa kwa ukavu, kisha hujirudi ghafula kama teo na kuzirusha spora. Na ukilifunua jani utakuta limejiandika lenyewe.

Jana usiku nililaza majani matatu kutoka kisimani. Asubuhi, karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari miwili miwili ya vumbi la kahawia, mithili ya kingo za mkeka. Ya pili ilikuwa na nukta, safu kwa safu, safi kabisa. Ya tatu ilikuwa nyeupe kama nilivyoiweka. Lile jani nililichuma changa, kabla ya wakati wake, na bado sijui ni la nani kati ya wale wawili. Bi mkubwa ameniambia niliache jua lilikaushe, naye atanijulisha litakapofika zamu ya ufagio.